Darasa la pamoja au mwalimu wa peke yako: anayejifunza walzi aanzie wapi?

Anayetaka kujifunza dansi za ukumbini, yaani walzi, tango, foksitroti, rumba na nyinginezo, hulazimika kuamua jambo la fedha kabla hajapiga hatua ya kwanza. Ajiunge na darasa la watu ishirini kwa ada ndogo, au amlipe mwalimu mara kadhaa zaidi ili saa nzima wawe wawili tu? Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba darasa ni nafuu lakini la polepole, na mwalimu binafsi ni ghali lakini anakufikisha haraka. Kwangu hoja hiyo haigusi kiini. Njia hizi mbili hurekebisha makosa ya aina mbili tofauti, na swali la kwanza ni kosa lipi linalokusumbua sasa.

Nianze na darasa, kwa sababu linadharauliwa bure. Nguvu yake kubwa ni kubadilishana wenzi. Kila baada ya dakika chache mwalimu anasema tubadilishane, na unajikuta mbele ya mtu mrefu, kisha mfupi, kisha mwenye haraka, kisha mwoga anayekung'ang'ania bega. Anayeongoza hugundua hapo kama ishara zake zinaeleweka au alikuwa amezoeana tu na mwenzi mmoja. Halafu kuna ukumbi wenyewe. Katika walzi wachezaji wote huzunguka kinyume cha mshale wa saa, na kuna wakati jozi iliyo mbele yako inasimama ghafla. Kufupisha hatua, kugeuka mapema, kumkinga mwenzi asigongwe, hayo hayafundishiki katika chumba chenye watu wawili.

Historia ya dansi hizi inaelekea huko huko. Mwaka 1920 walimu walikutana London kwa mwito wa Philip Richardson, mhariri wa jarida la Dancing Times, wakaanza kukubaliana juu ya hatua za pamoja, maana kila mmoja alikuwa akifundisha za kwake. Hatua zikiwa za wote, watu wasiojuana wanaweza kucheza pamoja. Huku kwetu nako, vijana wa miji ya Tanganyika waliozipenda dansi hizi kati ya vita vikuu viwili walikusanyika katika vilabu vyao vya dansi. Ilikuwa shughuli ya kundi tangu mwanzo.

Lakini darasa lina upofu wake, na walzi inauonyesha vizuri. Aendaye mbele hukanyaga kisigino kwanza. Mwili huanza kuinuka mwishoni mwa pigo la kwanza, huendelea kupanda katika la pili na la tatu, kisha hushuka mwishoni mwa la tatu. Kwa mwendo wa mashindano, vipimo 28 hadi 30 vya mapigo matatu matatu kwa dakika, yote hayo hutimia katika muda wa sekunde mbili hivi. Mwalimu mwenye watu ishirini mbele yake ataona mguu umetua mahali pake. Kwamba uzito wako umebaki nusu kwenye mguu wa nyuma, hawezi kuona. Hatua inayofuata itachelewa, utadhani tatizo ni sikio lako, na utazidi kuhesabu kwa sauti bila faida. Mbaya zaidi ni mazoea ya kuchungulia miguu ya jirani. Anayefuata miguu ya mwingine huwa nyuma ya muziki daima, na darasani anaweza kudumu hivyo kwa miezi bila kugunduliwa.

Kosa la namna hiyo hutibiwa kwa kuguswa. Mwalimu binafsi akikushika, mkono wake chini ya bega lako unahisi papo hapo kwamba hujamaliza kuhamisha uzito. Anakusimamisha katikati ya hatua, anakuomba uinue mguu ulio huru, na ukishindwa kuuinua bila kuyumba umepata jibu. Dakika kumi za kazi hiyo zinaweza kuondoa kasoro uliyohangaika nayo msimu mzima.

Hata hivyo somo la peke yako lina mtego ambao walimu wachache huutaja. Mwalimu ni mchezaji bora kuliko wewe. Mwanamume anayejifunza kuongoza na mwalimu wa kike hutoa nusu ya ishara, naye anaikamilisha kwa uzoefu wake, na mwanafunzi anaondoka akiamini ameongoza. Anayejifunza kufuata uongozi wa mwenzi naye hubebwa na mwalimu hodari, akaona amekuwa mwepesi, kisha anakwama kabisa akiombwa na mtu wa kawaida kwenye sherehe. Mtu anaweza kulipa mwaka mzima na akawa anajua kucheza na binadamu mmoja tu duniani.

Kwa hiyo anayeanza namshauri aingie darasani, akae humo mpaka hatua za msingi za dansi mbili au tatu zimemkaa bila kuchungulia kwa jirani. Hapo ndipo anunue masomo machache ya peke yake, kabla mwili haujazoea kosa, na arudi darasani kujaribu alichorekebishiwa kwa watu wengine. Fedha ikiwa ndogo, wawili wanaweza kugawana saa moja ya mwalimu. Faida haipungui kuwa nusu, kwa sababu unapotazama mwenzako akirekebishwa nawe unajifunza.

Wapo wasiofaa kufuata utaratibu huu. Maharusi wenye wimbo mmoja na wiki sita waende moja kwa moja kwa mwalimu binafsi, maana hawahitaji kucheza na wageni. Mwenye goti bovu vilevile, kwa kuwa darasa haliwezi kumngoja. Na anayelenga mashindano atamhitaji mwalimu kila wiki, hilo halina mjadala.

Ukishaamua kumlipa mwalimu, mpe ombi moja katika somo la kwanza. Mwambie acheze kama asiyejua unachotaka kufanya, na asimame pale ambapo ishara yako haikumfikia. Kama saa nzima itapita bila yeye kusimama hata mara moja, tafuta mwalimu mwingine.