Gari la Kijapani linaongea, barabara yetu haijibu

Mwenye gari la mtumba kutoka Japani anaijua sauti ile ya dada anayeongea mara tu ufunguo unapozungushwa. Anasema kadi ya ETC haijawekwa, basi. Huku Japani kadi hiyo inalipia barabara kuu: unakaribia kizuizi kwa mwendo usiozidi kilomita 20 kwa saa, kifaa kinaongea na mtambo wa njiani kwa mawimbi ya GHz 5.8, kizuizi kinainuka. Toleo la ETC 2.0 linapokea pia habari za foleni na ajali zilizo mbele. Dar es Salaam au Mombasa dada anaongea peke yake. Fundi akichomoa soketi ya kifaa chini ya dashibodi ananyamaza, na hakuna kilichoharibika.

Kinachonitia wasiwasi ni breki inayojikamata yenyewe kamera au rada ikiona kikwazo mbele. Tukiwa nyumbani tunaihesabu kama sifa ya gari, kama rimu za aloi. Huku inahesabiwa kama kipimo kinachohitaji kupimwa tena. Tangu Aprili 2020, gereji inayogusa kamera au rada ya mfumo huo, au kung'oa kioo cha mbele chenye kamera, lazima iwe na kibali maalumu. Na tangu Oktoba 2024 magari ya matoleo mapya huchomekwa mashine ya kusoma hitilafu kwenye ukaguzi wa lazima.

Sababu ni hesabu ndogo tu. Rada ikipinda nyuzi 1, kwa umbali wa mita 100 inatazama mita 1.75 pembeni, yaani nusu ya njia ya upana wa mita 3.5. Gari linaweza kushtukia lori la njia ya pili na kulikosa lililo mbele yake. Kwenye Harrier nyingi za kuanzia katikati ya 2017 rada hiyo imejificha nyuma ya nembo. Ukibandika nembo ya dukani yenye kromu ya chuma, au ukafunga vyuma vya kukinga bampa, umeifunga macho. Kamera nayo iko juu ya kioo, karibu na kioo cha ndani cha kutazama nyuma. Stika ikibandikwa mbele yake, hata iwe ya Nenda kwa Usalama, kazi imekwisha.

Kurekebisha kunataka sakafu iliyonyooka, upepo sahihi wa matairi, gari bila mzigo, bango la shabaha kwenye umbali uliotajwa na mtengenezaji, na mashine. Kubadilisha kioo kisha kumkabidhi mteja funguo jioni ileile bila hayo ni kumuuzia imani.

Hata mfumo ukiwa mzima, usiutegemee kupita uwezo wake. Axio na Fielder za 2015 na 2016 zenye mfumo wa usalama uitwao Toyota Safety Sense C hutambua magari, hazitambui watu, na hujikamata kati ya takriban kilomita 10 na 80 kwa saa. Mama anayevuka Chalinze usiku hayumo kwenye hesabu. Onyo la kuacha njia nalo linasoma mistari. Mistari ikifutika, linanyamaza. Ndiyo maana ningeanza na rangi ya barabara yenye shanga za kioo zinazorudisha mwanga wa taa, kabla ya kamera yoyote. Mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, wa kufuatilia mwendo wa mabasi naupenda kwa sababu hiyohiyo: hauombi barabara iwe ya Kijapani.

Ukiagiza gari, soma karatasi ya mnada, ile inayoeleza hali ya gari. Alama XX kwenye mchoro wa boneti maana yake boneti imebadilishwa; hapo uliza kama rada ilipimwa upya. Kisha omba video ya dashibodi injini ikiwaka. Taa ya mfumo wa kuzuia kugonga inapaswa kuzima baada ya sekunde chache. Ikibaki na rangi ya njano, shusha bei au tafuta jingine.