Meli ya Watalii na Boti ya Mwenyeji

Wachambuzi wengi wa utalii wamekwisha kuihukumu safari ya meli katika pwani ya Afrika: mgeni hulala melini, hula melini, hushuka kwa saa chache kupiga picha, kisha meli hung'oa nanga, naye huondoka na fedha zake zote mfukoni. Hoja hiyo ina uzito. Lakini imejengwa juu ya meli zinazobeba maelfu ya abiria, zile zilizoilazimu serikali ya Italia kuzizuia meli kubwa kupita katikati ya Venice mwaka 2021. Meli zinazothubutu kufika Guinea-Bissau, São Tomé, Sierra Leone au Benin, nchi ambazo watalii ni wachache, aghalabu ni ndogo, za abiria mia moja au mia mbili hivi, na kuzihukumu kwa makosa ya Venice ni kuzionea.

Sisi wa Kigoma tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine, kwa kuwa hakuna mgeni anayefika Gombe, hifadhi yetu ya sokwe kando ya ziwa, kwa gari. Kuna mahali ambapo maji ndiyo barabara. Visiwa vya Bijagós vya Guinea-Bissau, ambavyo mwaka 2025 viliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, ni 88, na vilivyo vingi havina wakazi wa kudumu. Mgeni anayetaka kuwaona viboko wa kisiwa cha Orango, ambao huingia hata katika maji ya chumvi, au kasa wanaotaga katika kisiwa cha Poilão, hana budi kusafiri baharini. Kutoka huko kwenda São Tomé kwa ndege, mara nyingi atajikuta anapitia Lisbon, yaani anatoka Afrika ili aingie Afrika.

Jambo ambalo wapinzani hulipita haraka ni kitanda. Wanasema mgeni asiyelala hotelini hailipi nchi kitu, nao hawasemi hoteli yenyewe inadai nini katika kisiwa kidogo: ardhi ya ufukweni, kisima, jenereta, mahali pa kutupa taka, na mara nyingi mwekezaji kutoka mbali ambaye baada ya miaka michache ndiye anayeamua nani apite ufukweni. Meli huja na vitanda vyake na umeme wake, nyingi husafisha maji ya bahari yakanyweka, kisha huondoka. Kwa kijiji ambacho maji ya kunywa ni ya kupigania, hilo si jambo dogo. Isitoshe, baadhi ya meli hizi hupita huko kwa vyovyote vile, kwa kuwa msimu wa Antaktika unapokwisha, mwezi Machi, hupanda kaskazini kuelekea Ulaya. Mafuta yatachomwa tu. Swali ni kama zitatia nanga njiani.

Ugumu wa mipango nao hauwezi kufichwa. Viza za nchi sita au saba hutafutwa kabla ya kuondoka, ingawa Mtanzania ana nafuu Benin na Gambia. Cheti cha homa ya manjano, ambacho wenzetu wanaovuka kwenda Kongo wanakijua vizuri, ni lazima. Na Freetown ya Julai na Agosti ni mvua tupu. Wimbi likikataa, kituo huachwa. Mwaka 2014 Ebola ilipozuka, kampuni nyingi zilizifuta bandari za Afrika Magharibi, hata zile ambazo ugonjwa haukuzifikia, na aliyekuwa ameandaa vinyago na ngoma akabaki navyo. Hapa wapinzani wana haki kabisa.

Lakini hoja yao iliyo kali zaidi hawaitumii. Meli ya namna hii hubeba boti zake za mpira, na ndizo zinazoshusha abiria. MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, katika safari zake za kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ilikuwa na desturi nyingine: kwenye vijiji visivyo na gati ilisimama majini, na boti za wenyeji zikaifuata usiku au mchana, zikashusha watu na mizigo na kupakia dagaa. Umbali ule mfupi kati ya meli na nchi kavu ulikuwa na ajira ndani yake. Nchi inayowaachia wageni umbali huo imeuza sehemu ya safari ambayo mwenyeji angeiweza bila mtaji wowote mpya, ila maboya ya kuvaa na ukaguzi wa injini.

Kwa hiyo anayepanga safari hii na aiulize kampuni, kabla ya kulipa, nani atamfikisha ufukweni na nani atamwongoza akifika. Nao wanaotaka meli za kitalii katika Ziwa Tanganyika waliandike katika kibali sharti la kutumia boti na waongozaji wenyeji kabla ya meli ya kwanza kuja, kwa kuwa bandari ikishazoea boti za mpira, mwenye boti ya mbao hataitwa tena.