Jezi Itundikwe Darini au Apewe Mwingine?

Februari 14, 1934, kwenye uwanja wa Maple Leaf Gardens mjini Toronto, Ace Bailey, mchezaji wa hoki ya barafu wa Toronto Maple Leafs, aliingia barafuni akiwa amevaa nguo za kawaida, akampa mkono Eddie Shore wa Boston Bruins. Miezi miwili kabla, mjini Boston, Shore alikuwa amempiga kikumbo kwa nyuma. Bailey alianguka vibaya, fuvu likapasuka, na madaktari wakalazimika kumfanyia upasuaji wa ubongo. Alipona, lakini hakucheza tena hoki. Mechi ya usiku ule ilikuwa ya kumchangia fedha, Toronto Maple Leafs dhidi ya nyota wa timu nyingine za NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, na hapo ndipo klabu ilipotangaza kwamba namba 6 haitavaliwa tena. Katika ligi ile haikuwahi kutokea jezi kustaafishwa kabla ya hiyo. Siku nane baadaye Boston nao wakaistaafisha namba 3 ya Lionel Hitchman, na mtindo ukashika.

Lakini kisa cha Bailey hakikuishia hapo. Mwaka 1968, akiwa bado hai, aliiomba klabu iitoe namba yake darini, zinakotundikwa namba zilizostaafishwa, na impe kijana aitwaye Ron Ellis, kwa sababu alipenda anavyocheza na anavyojiheshimu. Klabu ikakubali. Ellis akaivaa hadi 1981, alipoondoka ikarudishwa juu.

Mimi nikifika hapo nalikumbuka neno somo. Mzee akikuita somo yake, si kwamba anakusifu tu, anakukumbusha kuwa jina lake sasa linatembea kwa miguu yako. Ukilichafua umemchafua yeye. Ndicho alichokifanya Bailey kwa Ellis, na nadhani ni heshima kubwa kuliko kitambaa kinachoning'inia juu ya vichwa vya watu.

Hata hivyo, wapo wanaoliona jambo hili kinyume kabisa, na hoja zao zina uzito.

Kwa miaka mingi sheria ya Toronto ilikuwa ngumu na, kusema kweli, ya ajabu: jezi inastaafishwa tu kama mchezaji amekufa au ameumia akashindwa kucheza akiwa na klabu. Waliofuzu ni wawili. Bailey ni mmoja. Wa pili ni Bill Barilko, beki aliyefunga bao la ubingwa Aprili 1951 dhidi ya Montreal, kisha miezi minne baadaye akapotea na ndege ndogo akitoka kuvua samaki. Mabaki yake yalipatikana Juni 1962, wiki chache baada ya Toronto kulibeba tena Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, kwa mara ya kwanza tangu bao lile. Magwiji wengine wote walipewa kitu cha katikati: namba zao zilienziwa, bango likapandishwa, lakini jezi ikabaki kabatini kwa yeyote atakayeitaka. Namba 7 ya King Clancy na Tim Horton, kwa mfano, ilikuwa imeshaenziwa, na bado Gary Roberts akaja kuivaa.

Dave Keon hakuupenda mpango huo. Huyu alicheza Toronto misimu 15, akabeba makombe manne, na mwaka 1967 akachukua tuzo ya mchezaji bora wa mechi za mtoano. Aliondoka 1975 akiwa amegombana na mmiliki, Harold Ballard, na kwa miongo kadhaa alijiweka mbali na klabu. Msimamo wake ulifahamika: kama kweli mnawaheshimu hawa watu, zistaafisheni namba zao. Ukimwambia mtu jina lako tumeliandika kwa dhahabu, kisha kesho yake jezi yake ukampa mchezaji wa mkataba wa mwaka mmoja, anayo haki ya kujiuliza dhahabu ile ilikuwa ya kweli au ya kupaka.

Mwishowe klabu ikamsikia. Oktoba 15, 2016, ikiadhimisha miaka 100, ilistaafisha kwa mkupuo namba 11 za wachezaji 17, Keon na namba 14 yake wakiwemo. Ukijumlisha na 5 ya Barilko na 6 ya Bailey, zinakuwa namba 13.

Wapo waliolalamika kwamba namba zitakwisha. Hoja hii naiona dhaifu. Mchezaji wa NHL anaruhusiwa kuchagua kati ya 1 na 98, na Montreal Canadiens wamestaafisha namba 15 bila mtu kukosa cha kuvaa. Kinachouma kidogo ni kwamba Toronto sasa, kuanzia 1 hadi 10, zimebaki tatu tu: 2, 3 na 8. Kipa anayeota kuvaa namba 1 ya Turk Broda na Johnny Bower ajipange na namba nyingine.

Wengine walisema heshima imeshushwa bei, maana klabu haijabeba kombe tangu 1967, na kati ya waliotundikwa, Salming, Sittler, Clark, Gilmour na Sundin hawakuwahi kushinda kombe na Toronto. Hii nayo siikubali. Mats Sundin hakuwa mdogo kwa sababu wenzake hawakutosha.

Hoja inayonishika mimi imo ndani ya orodha yenyewe. Katika namba zile 11, sita zina majina mawili. Hap Day na Red Kelly kwenye 4. Charlie Conacher na Ted Kennedy kwenye 9. Syl Apps na George Armstrong kwenye 10. Clancy na Horton kwenye 7, na makipa wale wawili kwenye 1. Halafu ipo 27. Frank Mahovlich, aliyeitia nuru namba hiyo, aliuzwa Detroit 1968. Kama klabu ingeifunga siku ile, Darryl Sittler aliyefika 1970 asingeivaa, na usiku wa Februari 7, 1976, alipofunga mabao sita na kutoa pasi nne za mabao dhidi ya Boston, mgongoni angekuwa na namba nyingine. Klabu ilizifunga namba zilizopata utukufu wake kwa kuachwa wazi. (Horton huyu ndiye mwenye jina kwenye migahawa ya kahawa ya Kanada, ile iliyowapeleka vijana wa timu ya hoki ya Ice Lions ya Nairobi hadi Toronto mwaka 2018. Majina yana safari zake.)

Hata hivyo siwezi kujifanya sijaona kilichotokea Boston Desemba 3, 1987. Ray Bourque, beki na nyota wa timu, alikuwa akivaa 7, namba aliyoiacha Phil Esposito. Klabu ikaamua kuistaafisha kwa heshima ya Esposito, na watu wakadhani Bourque ataendelea kuivaa mpaka amalize. Badala yake aliteleza hadi alipo Esposito, akaivua jezi ya 7 mbele ya uwanja mzima, na chini yake ilikuwepo nyingine, 77. Esposito hakuwa ameambiwa. Ukimwonyesha mtu tukio lile kisha ukamhubiria kuhusu kurithishana jezi, atakucheka. Na 77 nayo, miaka 14 baadaye, ikapanda juu.

Ila Bailey na Bourque, ukiwatazama vizuri, hawapingani. Mmoja alitoa namba, mwingine aliirudisha, na wote wawili waliamua wenyewe. Toronto ya zamani ilikosea kwa kuwaamulia wazee, na ninaogopa Toronto ya sasa imekosea vilevile kwa upande wa pili. Ningeipenda sheria inayofunga namba lakini inamwachia mwenyewe ufunguo: akitaka ibaki juu, ibaki; akimwona kijana anayemfaa, amwite. AC Milan waliistaafisha 3 ya Paolo Maldini lakini wakaacha mlango wazi kwa watoto wake. Hilo halikuishusha thamani ya jezi hata kidogo.

Novemba 2022 Borje Salming, Msweden aliyetua Toronto 1973 na kuwafungulia njia wachezaji wa Ulaya, alirudi kuaga. Ugonjwa wa ALS, unaoua neva na kudhoofisha misuli, ulikuwa umemnyang'anya sauti na nguvu za mikono. Sittler alisimama pembeni yake, akaushika mkono wa rafiki yake na kuupandisha ili awapungie watu, huku machozi yakimtoka. Siku ya mechi na Vancouver, kocha aliwaanzisha Wasweden sita, kuanzia kipa hadi washambuliaji. Salming alifariki siku 12 baadaye. Katika wale sita hakuwepo aliyevaa 21 yake, na hata kama mmoja wao angeitaka, na mzee akakubali kwa kutikisa kichwa, klabu ilikuwa imeshaifunga miaka sita nyuma.