Diski iliyochomoza pembeni: kiungo kikatwe au misuli ipenywe?

Mtu akilalamikia paja la mbele na goti, hupigwa picha ya goti, huchunguzwa nyonga, kisha hurudi nyumbani na dawa za maumivu. Kumbe ugonjwa uko kiunoni. Diski ni mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo. Nyingi kati ya zinazochomoza huelekea nyuma, kwenye mfereji wa uti wa mgongo. Chache, kama 7 hadi 12 katika kila 100, huchomoza pembeni kabisa, kwenye tundu la kutokea neva au nje yake.

Diski iliyo kati ya pingili za L4 na L5 (ya nne na ya tano za kiunoni; neva huitwa kwa namba hizo hizo) ikichomoza kwa nyuma, hubana neva ya L5, na maumivu hushuka hadi kidole gumba cha mguu. Ikichomoza pembeni, inayobanwa ni L4 pamoja na fundo lake la hisia, ndiyo sababu maumivu huwa makali mno. Kuinua mguu ulionyooka huenda kusionyeshe kitu. Mlaze mgonjwa kifudifudi, mkunje goti, nyanyua paja: akishtuka kwa maumivu ya mbele ya paja, na goti hilo lisiruke likigongwa kinyundo, tazama kiunoni. Kwenye MRI, yaani kipimo cha picha kwa sumaku, picha za katikati zaweza kuwa safi kabisa. Za pembeni ndizo zitakazoonyesha kwamba mafuta meupe yanayoizunguka neva yametoweka. Daktari wa upasuaji Abdullah na wenzake waliueleza ugonjwa huu mwaka 1974, na inaniuma kwamba bado unapita machoni pa watu.

Dawa, mazoezi na sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, vipewe nafasi, maana kipande cha diski huweza kusinyaa chenyewe. Lakini misuli ya paja ikizidi kulegea, kungoja ni hatari.

Kwenye upasuaji ndipo madaktari wanapogawanyika. Wanaopita katikati ya mgongo wanasema, na wana haki, kwamba njia hiyo wameizoea na neva wanaiona tangu inapoanzia. Gharama yake ni kiungo kidogo kinachoshikanisha pingili: kikikatwa chote, pingili zaweza kuteleza, na mgonjwa akaishia kufungwa skrubu. Njia ya pembeni, aliyoieleza daktari wa upasuaji Wiltse mwaka 1968, hupenya kati ya misuli na kukiacha kiungo hicho karibu kizima. Wapinzani wake wanakumbusha kwamba neva huko imezama kwenye misuli na mishipa ya damu. Asiyeizoea hupotea, na fundo la neva likivutwa sana huacha maumivu ya kuungua yanayodumu.

Kwangu mimi, pembeni kwanza: mgonjwa aliyekuja na diski moja asiondoke na mgongo uliolegea. Ila kati ya L5 na S1, pingili ya kwanza chini ya kiuno, mfupa wa nyonga huziba njia, na hapo sitamlaumu daktari anayekata sehemu ndogo ya kiungo. Na kama pingili zilikwisha kuteleza kabla ya upasuaji, skrubu zilihitajika tangu mwanzo. Kukihifadhi kiungo hakumsaidii mgonjwa huyo.