Ngome ya Cairo Ilimlinda Nani?

Mgeni anayefika Cairo huonyeshwa ngome iliyo juu ya mwinuko wa Muqattam na kuambiwa kwamba Salahuddin al-Ayyubi, mtawala wa Misri, alianza kuijenga mwaka 1176 ili kuukinga mji na Wapiganaji wa Msalaba, yaani majeshi ya Wakristo kutoka Ulaya. Maelezo hayo ni ya kweli, maana alikusudia Cairo na Fustat, mji mkongwe uliokuwa jirani yake, zizungukwe na ukuta mmoja unaoshikana na ngome hiyo. Hata maji yalifikiriwa mapema: kisima cha Yusuf kilichimbwa ndani ya mwamba kwa kina cha takriban mita 90, kikazungushiwa njia ya mteremko ili ng'ombe washuke hadi katikati, wazungushe gurudumu na kuyavuta maji kutoka chini.

Hata hivyo, Wapiganaji wa Msalaba hawakuizingira kamwe ngome hiyo, na mimi naamini kwamba historia yake nzito imo katika kile ilichowafanyia watu waliokaa chini yake. Mwezi wa Oktoba 1798, wakazi walipoasi utawala wa Wafaransa, mizinga iliyokuwa ngomeni iliupiga mji wenyewe, na Msikiti wa al-Azhar haukusalimika. Mwaka 1805 wananchi, wakiongozwa na Umar Makram, walimzingira humo gavana wa Kiosmani, Khurshid Pasha, hadi akaondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na Muhammad Ali, kamanda katika jeshi la Kiosmani.

Huyo naye, tarehe 1 Machi 1811, aliwaalika wakuu wa Mamluki, tabaka la kijeshi lililokuwa limeitawala Misri kwa muda mrefu, kwenye sherehe ya kumuaga mwanawe Tusun, aliyekuwa akipelekwa vitani Hijazi. Sherehe ilipokwisha, wageni walipanda farasi wao na kuteremka kwa msafara katika njia nyembamba iliyochongwa mwambani kuelekea lango la Bab al-Azab. Lango likafungwa mbele yao, na askari waliojipanga juu ya kuta wakawamiminia risasi, mamia wakafa pasipo nafasi ya kugeuza farasi.

Leo msikiti ambao Muhammad Ali alianza kuujenga hapo mwaka 1830 ndio unaovuta macho ya kila mtu, na uzuri wake siukatai hata kidogo. Ila kabla mgeni hajafikishwa chini ya kuba lake, ningependa asimamishwe kwanza juu ya njia ile, aelezwe ni nani waliopita humo siku hiyo, na ni nani aliyewaalika.