Kwanza niambie umesoma faili gani

Hakuna jibu linalokera kwenye kazi hii kama "mbona kwangu inafanya kazi?" Mtu analitoa kifua mbele, kana kwamba ni ushahidi. Na mara nyingi hadanganyi: kwake inafanya kazi kweli, ila kwa sababu asiyoijua hata yeye. Meneja wake wa vifurushi (programu inayosakinisha maktaba za msimbo) anasoma faili ambalo halimo kabisa kwenye mradi.

Chukua npm, meneja wa vifurushi wa JavaScript. Tengeneza folda tupu, ingia ndani, sakinisha maktaba ya lodash: `npm install lodash`. Unajibiwa `added 1 package`, hakuna kosa, hakuna onyo. Andika `ls`: folda bado tupu. Lodash imekwenda wapi? Andika `npm prefix`, nayo inakutajia `/home/mtumiaji`. Kumbe npm haikuona `package.json` (orodha ya vifurushi vya mradi) wala `node_modules` (folda vinakowekwa) hapo ulipo, ikapanda folda ya juu, ikapanda tena, hadi ikakuta `package.json` iliyosahaulika kwenye folda yako ya nyumbani tangu siku ulipoandika amri mahali pasipo pake. Ikaona hapo panafaa, ikatua mzigo. Kukuuliza? Wewe ni nani hata uulizwe?

Kosa lenyewe halionekani siku hiyo. Baadaye unaandika `npm init -y`, `package.json` ya mradi inazaliwa bila lodash, nawe huna habari, kwa kuwa Node, inayoendesha JavaScript, nayo hupanda folda vilevile inapotafuta moduli. `require('lodash')` inafanikiwa, majaribio yote yanapita. Lodash haimo kwenye orodha ya mradi, haimo kwenye `package-lock.json` (faili la kufuli, linaloshika matoleo kamili ya vifurushi), lakini programu inakwenda vizuri tu mpaka ifike kwenye seva, ambako hakuna takataka za nyumbani kwa mtu: `Cannot find module 'lodash'`. Hapo sasa ndipo bwana "kwangu inafanya kazi" anapoingia, na watu wazima wanaanza kufuta kache, kubadilisha toleo la Node na kuilaumu seva. Maskini seva, ndiyo pekee iliyosema kweli.

Dawa ni fupi. Futa `package.json`, `package-lock.json` na `node_modules` zilizobaki kwenye folda ya nyumbani. Zote tatu, maana hata `node_modules` tupu inatosha kuipoteza npm. Kisha kila mradi mpya uanze na `npm init -y` kabla hujasakinisha chochote.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kupanda folda kuna raha yake. Ukiwa umezama ndani ya `src/kurasa/fomu` hutaki kurudi juu kila unapotaka kuendesha amri. Sawa. Lakini kupanda ni jambo moja, kupanda kimya kimya ni jingine. Composer, meneja wa vifurushi wa PHP, angalau ina adabu: ukifanya kazi nayo kwenye terminali, ikikosa `composer.json` hapo ulipo na kuiona juu, inakutajia njia yake na kusubiri useme ndiyo au hapana. Mstari mmoja tu! Wengine wanashindwa nini?

Mipangilio nayo hufuata mkumbo huohuo. npm ikikosea mzizi wa mradi, imekosea na `.npmrc` (faili la mipangilio yake), na rejista ya ndani ya kampuni, yaani ghala la vifurushi, inageuka kuwa rejista ya umma. Kifurushi cha siri kinarudi na 404 na wewe unadhani tokeni (ufunguo wako wa kuingia kwenye rejista) imekwisha muda. Kabla ya kugusa tokeni, andika `npm config ls`. Inakuonyesha kila thamani imetoka faili lipi. Kumbuka daraja zake: chaguo la kwenye amri linashinda kigeu cha mazingira, kigeu kinashinda `.npmrc` ya mradi, ya mradi inashinda ya mtumiaji. Kigeu `npm_config_registry` kilichosahaulika kwenye seva kitakufanya uhariri mafaili mchana kutwa bila badiliko lolote. Wa pip, ya Python, wanayo `pip config debug`.

Basi kwenye skripti acha kubahatisha, taja folda: `npm --prefix kiolesura ci`. Ukipendelea `cd`, iwe `cd kiolesura && npm ci`, isiwe nukta mkato, kwa sababu `cd` ikishindwa, nukta mkato itaiacha npm iendelee palepale ilipo, na kupanda inajua.

Ila kutaja nako kuna mitego. Kwenye Cargo ya Rust, `cargo build --manifest-path injini/Cargo.toml` inabadilisha mradi unaojengwa, lakini `.cargo/config.toml` bado inatafutwa kuanzia folda uliyosimama. Ile iliyo ndani ya `injini/` haisomwi, na Cargo haitasema neno. Kwenye uv, meneja mwingine wa Python, `--project` inatafuta mradi pale ulipoelekeza huku njia nyingine zikihesabiwa kutoka hapo ulipo. `--directory` ndiyo inayohama kweli. Bundler, ya Ruby, ndiyo yenye visa: `bundle exec` huweka kigeu `BUNDLE_GEMFILE` kinachotaja Gemfile (orodha ya vifurushi vya mradi), na mchakato wowote unaoanzishwa humo ndani unakirithi. Skripti ya mradi mmoja ikiita `bundle install` ya mradi wa pili, wa pili unasoma Gemfile ya wa kwanza hata kama umeshafanya `cd`. Funga wito huo ndani ya `Bundler.with_unbundled_env`.

Na anayependa `COMPOSER=composer-jaribio.json composer install` ajue kwamba faili la kufuli litajitenga lenyewe, liwe `composer-jaribio.lock`, lakini `vendor`, folda ya vifurushi, inabaki ileile moja. Ukisakinisha kwa faili hili, vifurushi vya lile vinaondolewa; ukirudi kwa lile, vya hili vinaondoka. Weka na `COMPOSER_VENDOR_DIR`, la sivyo utashinda ukisakinisha.