Njooni mtazame maji yakishapwa

Habari mliyoandika inasema bandari yetu "bado inatumika" wakati tunasubiri tope lililoijaza lichimbwe. Inatumika, ndiyo, kwa saa mbili kabla ya maji kujaa na mbili baada ya hapo. Na muda huo husogea kwa takriban dakika 50 kila siku: wiki hii natoka alfajiri, wiki ijayo adhuhuri. Maji mafu, yaani yale yasiyojaa sana, yakifika, siku moja au mbili baada ya mwezi nusu, mashua yangu hainyanyuki kabisa.

Kupwelewa kwenyewe si tabu kama chini pako sawa. Hapa tope limekaa mteremko. Juzi gadi ya kushoto, nguzo inayoegemeza mashua isilale, ilizama taratibu, mashua ikalala ubavu, na maji yalipoanza kujaa yakaingia ndani kabla haijainuka. Injini nayo hujipoza kwa maji yayo hayo yenye tope. Nilipofungua pampu nilikuta mapanga yake ya mpira yamelika na mirija imejaa uchafu wa kijivu, laini kama jivu. Hiyo ni pampu ya pili tangu tuanze kusubiri.

Mwandishi, tafadhali waulize watakaochimba tope litamwagwa wapi. Likimwagwa karibu na mlango wa bandari, mkondo wa maji kujaa utalirudisha ndani. Na wachimbe mpaka tunapofunga sisi wenye mashua ndogo, wasiishie kwenye njia ya vyombo vikubwa.